Mama Fomu na Majibu ya Silanga

Mara ya kwanza alipokuja kwenye karakana yangu pale Kianda, Kibera, nilidhani anataka kabati. Alisimama mlangoni, akatazama vumbi la mbao lililojaa kwenye nywele zangu, akasema, "Fundi, umekohoa mara ngapi tangu asubuhi?"

Nikamwambia mimi huwa sihesabu kikohozi.

"Basi nitakuhesabia mimi. Wewe endelea na kazi."

Akavuta kipande cha mbao, akakipangusa, akaketi. Alikuwa akimfanyia kazi daktari mmoja wa chuo kikuu aliyetaka kujua vumbi la mbao linafanya nini ndani ya mapafu ya watu kama mimi. Huo ulikuwa mwanzo. Katika miaka iliyofuata mwanamke yule alinihoji kuhusu maji ninayokunywa, usingizi wangu, maombi yangu, panya wa chumbani kwangu, lugha ninayotumia nikiwagombeza watoto na lugha ninayotumia nikimwomba mke wangu msamaha. Alinipima urefu. Kuna siku alinifuata kutoka karakanani hadi mtaa wa Olympic akiandika kila kona niliyokata, kwa sababu kulikuwa na mtu wa hesabu aliyetaka kujua watu huchaguaje njia mahali pasipo na barabara.

Sote tulimwita Mama Fomu. Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho alichoning'iniza shingoni, lakini kitambulisho chenyewe kilibadilika kila baada ya miezi michache, leo cha watu wa afya, kesho cha watu wa lugha, tukaona afadhali tushike jina lisilobadilika.

Watafiti walikuja Kibera kama wateja wanavyokuja sokoni, kila mmoja na orodha yake. Mmoja alitaka mate ya watoto kwenye vichupa. Mwingine alitaka nyimbo za makanisa, akawa anazunguka kila Jumapili na kinasa sauti. Mwingine alipima joto la nyumba za udongo na joto la nyumba za mabati. Kulikuwa na bwana wa korongo, wale ndege wakubwa wa jalalani, na bibi aliyesomea miche na miti. Hawakujuana. Walipishana mlangoni pangu bila kusalimiana, huyu akitoka kuuliza juu ya damu, yule akiingia kuuliza juu ya kura. Lakini wote walimjua Mama Fomu, kwa sababu bila yeye milango mingi isingefunguliwa.

Sisi wengine tuliwacheka. Mimi nilimcheka sana yule wa korongo. Nilimwambia Mama Fomu kwamba mtu mzima aliyesoma mpaka akachoka hawezi kuja kuhesabu ndege wa takataka. Alinikazia macho.

"Hao ndege walikuwa wangapi pale chini mwaka jana?"

"Wengi."

"Na sasa?"

Nikafikiri. Nikagundua sijawaona kwa muda.

"Wamehama, na wewe unaishi hapa na hukuona," akasema. "Yeye ametoka mbali na ameona. Sasa unacheka nini?"

Ndivyo alivyokuwa. Kwake hakukuwa na utafiti mkubwa na mdogo. Mwenye korongo alipewa bidii ileile aliyopewa mtafiti wa kifua kikuu. Alivaa raba nyeupe, na sijui alizifanyaje katika matope yale, lakini jioni zilikuwa bado nyeupe. Hakukubali chai nyumbani kwa mtu kabla ya maswali kwisha, maana alisema mtu akishakupa chai anaanza kukupa pia majibu matamu. "Usinipe jibu zuri, nipe la kweli," hilo nililisikia mpaka nikalichoka.

Na maswali mabaya hakuyauliza. Aliyarudisha kwa wenyewe. Wakati mmoja kijana fulani wa chuo alimletea fomu iliyouliza nyumba ina vyumba vingapi ukiacha jiko, bafu na stoo. Mama Fomu hakubishana naye. Alimshika mkono, akampeleka kwenye chumba cha jirani yangu, chumba kimoja chenye kitanda, pazia na watu watano, akamwambia, "Haya, nionyeshe stoo." Kijana alisimama pale akiwa ameshika kalamu. Kesho yake fomu ilirudi ikiwa imeandikwa upya.

Jambo lililomkera zaidi ni kuona watu wenye akili wanatembea eneo moja, kila mmoja akitafuta kitu ambacho mwenzake anacho mfukoni. Ndiyo sababu siku moja aliwaleta wawili karakanani kwangu. Mmoja alikuwa yule wa hesabu, aliyechora vichochoro vyote kwenye kompyuta na kuvipa namba. Mwingine alikuwa mwanamke mpole wa taaluma ya lugha, aliyekuwa akikusanya maneno ya vijana. Niliwaketisha kwenye fremu ya sofa ambayo bado haikuwa na mito.

"Wewe unafanya nini?" akauliza mwanaume.

"Maneno. Na wewe?"

"Hesabu."

Kila mmoja akageukia simu yake. Niliona huruma, nikaendelea kupiga randa. Mama Fomu akasimama mbele yao kama mwalimu wa zamu.

"Madam, mwambie ile njia ya nyuma ya kanisa vijana wanaiitaje."

Yule wa lugha akafungua daftari. "Wanaiita Airport."

"Kwa nini Airport?" mwanaume akauliza.

"Kwa sababu huwezi kupita bila kuruka. Kuna mtaro."

Mwanaume akacheka, halafu uso wake ukabadilika. Akafungua kompyuta yake pale pale juu ya magoti. "Ndiyo maana watu wenye mizigo hawapiti hapo! Nimekuwa nikijiuliza miezi minne. Mna majina ya njia zote?"

Walikaa mpaka nikafunga. Mama Fomu hakusema lolote la kujisifu. Aliniomba tu radhi kwa kunishikia sofa.

Lakini mambo ya Silanga ndiyo yaliyoonyesha yeye ni mtu wa aina gani.

Kule Silanga, kando ya bwawa, kuna mashamba madogo ambayo watu hulima mboga. Alikuja mtafiti mmoja wa udongo, akataka kuchota udongo na kuchuma majani ya sukuma wiki akapime. Wakulima walikataa. Walishachoka na watu wa kuchota. Mama Fomu akaenda kwa Mama Akinyi, mwanamke aliyelima sehemu ya chini karibu na mtaro na kuuza mboga zake mwenyewe, kwa sababu akikubali yeye wengine hufuata.

"Majibu yatarudi?" Mama Akinyi akamuuliza.

"Yatarudi. Mimi ndiyo nakwambia."

Udongo ukachotwa. Mwaka ukapita. Kila Mama Fomu alipopita kwenye meza ya mboga, Mama Akinyi alimwita kwa sauti ili wateja wasikie: "Madam! Udongo wangu ulienda wapi?" Mwanzoni walikuwa wanacheka wote wawili. Baadaye Mama Akinyi peke yake ndiye aliyecheka, na baadaye hata yeye akaacha.

Mama Fomu akaenda chuoni. Mara ya kwanza aliambiwa aandike barua. Mara ya pili aliambiwa barua haikuonekana. Mara ya tatu aliambiwa mtafiti amemaliza masomo, amepata kazi ng'ambo. Mara ya nne karani mmoja alimhurumia, akamwambia kazi yote imeandikwa kwenye tasnifu, na tasnifu iko maktaba, ila maktaba haingiwi bila kadi.

"Kwa hivyo udongo wa Silanga uko huko ndani," alimwambia askari wa mlangoni, "na mtu aliyeutoa Silanga hawezi kuingia?"

Askari akamwambia, "Mama, mimi nalinda tu mlango."

Akaketi kwenye ngazi za maktaba, akampigia simu yule mwanamke wa lugha. Mwanamke wa lugha hakujua lolote kuhusu udongo, lakini alikuwa na kadi. Alitoka akiwa na nakala ya kurasa muhimu, na Jumatano iliyofuata watu watatu waliketi karakanani kwangu: yeye, yule wa hesabu, na daktari wa vumbi aliyewahi kuhesabiwa vikohozi vyangu. Mama Fomu aliwaita mmoja mmoja, na hakumwambia yeyote kwamba wengine watakuwepo.

Daktari alisoma yale majedwali. Kisha akaweka kidole mahali fulani. "Hii ni risasi," akasema.

Mimi nikaacha msumeno. "Risasi?"

"Si ya bunduki, Fundi. Ni madini. Ikiingia kwenye mwili wa mtoto mdogo inaharibu ubongo polepole, na huwezi kuiona wala kuionja."

Mama Fomu akauliza kama ni Silanga yote. Daktari hakujua, jedwali lilikuwa na namba za sampuli tu. Yule wa hesabu akavuta karatasi upande wake, akatafuta mahali kila sampuli ilipochotwa, akaanza kuziweka kwenye ramani yake ya vichochoro. Ilimchukua muda mrefu. Alipogeuza kompyuta tukaona: mashamba ya juu yalikuwa salama, na yale ya chini yaliyofuata mtaro ndiyo yenye shida. Mama Fomu aliinama, akatafuta shamba la Mama Akinyi. Aliliona. Akasimama akaenda nje kidogo, akarudi.

Daktari alisitasita. "Hii kazi si yetu. Mwenyewe hajatupa ruhusa kuitangaza."

"Na udongo si wake," Mama Fomu akasema.

Wakamwandikia yule mtafiti wa udongo kule aliko. Akajibu baada ya siku mbili, na barua pepe yake ilikuwa ya mtu aliyeona aibu. Alisema alikusudia kurudi, kazi ikamzidi, na tafadhali wawaambie watu kila kitu. Kwa siku tatu Mama Fomu na mwanamke wa lugha walikaa wakigeuza kurasa zile kuwa Kiswahili ambacho mtu wa sokoni angekielewa. Kila walipoweka neno gumu, Mama Fomu aliniita: "Fundi, hii umeelewa?" Nikisema sijaelewa, walilifuta.

Mkutano ulikuwa Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa kanisa moja kule Silanga. Nilibeba ubao wa kubandikia ramani. Mama Fomu aliposema risasi, mzee mmoja akapaza sauti, "Ya polisi ama ya nani?" watu wakacheka. Alipoeleza, hakuna aliyecheka tena. Kisha akaonyesha ramani, akataja mashamba ya chini moja baada ya jingine, na la Mama Akinyi hakuliruka.

Mama Akinyi akasimama. Hakupiga kelele. "Madam, mimi nilikupa udongo. Wewe umeniletea nini?"

"Nimekuletea kile nilikuahidi."

"Heri ungekaa nacho."

Akatoka. Nusu ya ukumbi ikamfuata.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya. Wateja walisikia risasi, hawakusikia ramani, wakakataa mboga zote za Silanga, hata za mashamba safi. Watu walimlaumu Mama Fomu. Mwanamke mmoja alimmwagia maji ya vyombo miguuni. Nilimshauri akae nyumbani mambo yapoe.

"Nikikaa nyumbani watasema nilikuja kuharibu nikakimbia," akasema, na asubuhi akaenda.

Alienda kila siku. Alisimama kando ya meza za wale wa mashamba ya juu akiwa na ramani, akaeleza mteja mmoja mmoja. Alinunua mboga zao, akazipika kwenye jiko la makaa pale pale, akala mbele ya watu. Alimleta daktari, watoto wakapimwa, pamoja na mjukuu wa Mama Akinyi, na waliohitaji kufuatiliwa wakafuatiliwa. Kisha akamkumbuka yule bibi wa miche na miti, akamtafuta, akamuuliza shamba lisilofaa kwa chakula linafaa kwa nini. Bibi akaja, akawaonyesha wakulima wa chini namna ya kuotesha maua na miche ya miti kwenye udongo ulioletwa kutoka kwingine, waiuze barabarani.

Mama Akinyi alikuwa wa mwisho kukubali. Alikubali kwa hasira, na maua yake yakawa mazuri kuliko ya wote. Yeye na Mama Fomu hawakurudi kuwa marafiki. Lakini siku moja nilimkuta akimwambia mtafiti mgeni aliyekuja na koleo, "Kwanza uniletee yule Madam. Bila yeye huchoti." Nilimpelekea Mama Fomu maneno hayo. Alitikisa kichwa tu, akaomba maji ya kunywa.

Sitaki mtu adhani alikuwa malaika. Alikuwa mgumu kupita kiasi, na ugumu huo uliniumiza mimi mwenyewe. Nafula, mtoto wa shangazi yangu, alikuja mjini kutoka nyumbani kwetu magharibi, nikamwomba Mama Fomu amtafutie kazi ya kuhoji watu. Akamtafutia. Mwezi wa pili, jua likiwa kali, Nafula alijaza fomu tatu akiwa amekaa kivulini bila kwenda kwa wenyewe. Mama Fomu aliitambua kazi ile kwa kusoma tu. Alizibeba zile fomu mpaka ofisini, na Nafula akafukuzwa siku hiyo hiyo.

Nilimwendea nikiwa nimechemka. "Ni fomu tatu, Mama! Msichana mgeni! Ungemwonya."

"Moja ilikuwa ya mtoto mwenye pumu, Fundi. Ameandika hana."

"Kwani wewe hujawahi kudanganya?"

Nilisema hivyo kwa hasira tu, sikutegemea jibu. Lakini alikivua kitambulisho shingoni, akakishika mkononi. Mwanamke huyu aliyejua mambo ya ndani ya kila nyumba hakuwahi kusema lolote la kwake. Mwishowe akasema, "Kazi hii inataka mtu amemaliza kidato cha nne. Mimi niliishia cha pili. Nilisema cheti kilipotea."

Niliomba msamaha, nikamwambia nimesahau nilichosikia.

"Wewe utasahau," akasema. "Mimi nitafanya nini?"

Jumatatu alienda ofisini akasema mwenyewe. Walimsikiliza, wakamsifu, wakamwondoa. Hakumlaumu mtu. Kabla ya kuhama alimtafuta Nafula, akatembea naye nyumba hadi nyumba kwa majuma mawili bila fomu yoyote, akimfundisha kubisha, kungoja na kusikiliza. Nafula ni mdodosaji mpaka leo, na mzuri. Mama Fomu mwenyewe alienda kukaa na dada yake Kawangware, akajiandikisha kwenye masomo ya watu wazima. Nilisikia kwamba alifanya mtihani wa kidato cha nne kwenye chumba kimoja na vijana wa rika la wajukuu zake, na kwamba alipita. Nilisikia pia kwamba moyo wake ulikuwa na shida. Kisha nikapoteza habari zake, jinsi tunavyopoteza watu waliohama mtaa mmoja tu kutoka kwetu.

Nilimwona tena mwaka huu. Nilikuwa napeleka kitanda Riruta Satellite, karibu na Kawangware, mwenye mkokoteni yuko mbele na mimi nyuma nikishikilia. Tulipopita zahanati moja ndogo nikaona wanawake kama kumi kwenye benchi, na katikati raba nyeupe.

Alikuwa amekonda. Mkononi alikuwa na karatasi kadhaa na alikuwa akizisoma polepole, kidole chini ya kila mstari. Mbele yake alisimama kijana mwenye fulana ya utafiti, akitazama saa. Walikuwa wanatafuta wagonjwa wa moyo watakaokubali kufuatiliwa, na wanawake wote wa kwenye benchi walikuwa tayari wameshika kalamu.

"Mama, ni kusaini tu," kijana akasema.

"Naona. Hapa mmesema mtachukua damu mara nne. Sawa. Mtaniuliza chakula. Sawa. Majibu mtatuletea lini?"

"Yatachapishwa, Mama."

"Wapi?"

"Kwenye majarida ya kitaaluma."

"Huyu," akamgusa mwanamke aliyekaa kando yake, "anauza mandazi pale kona. Hilo jarida litamfikia saa ngapi?"

Wanawake wakacheka kidogo. Kijana hakuwa mbaya. Alijikuna shingo, akasema, "Kusema ukweli sijui, Mama. Hakuna mtu ameniuliza hiyo maneno."

"Nenda ukaulize. Sisi tutangoja."

Akaweka kalamu juu ya benchi. Yule wa mandazi akamtazama, naye akaweka yake. Kisha mwingine, kisha mwingine, mpaka benchi zima. Kijana akasimama kidogo, akageuka, akaingia ndani.

Ndipo aliponiona. Nilimsogelea, tukashikana mikono. Nilimuuliza habari za moyo, akasema ndio huo, unapiga. Nilitaka kumwambia mengi, habari za Nafula, habari za Silanga, lakini macho yake yalikuwa kwenye mlango, nami nikaketi mwisho wa benchi. Mwenye mkokoteni aliniita mara mbili, halafu akakaa juu ya kitanda kando ya barabara.

Ilichukua karibu saa nzima. Kijana alirudi na mwanamke mwenye koti jeupe, mkubwa wake, na nilidhani kutakuwa na maneno. Hayakuwepo. Mwanamke aliomba karatasi ya Mama Fomu, akaandika kwa mkono chini yake mwezi na mahali watakaporudi kuwaambia walichokiona, akaweka jina lake. Mama Fomu akasoma. Akamrudishia.

"Andika na kwa hawa wengine."

Mwanamke akaandika zote, moja moja, huku amesimama. Alipomaliza, Mama Fomu akaokota kalamu, akasaini, na sauti ya kalamu ikaendelea benchi zima.

Kisha akanigeukia. "Fundi, hicho kitanda ni cha nani?"

"Cha mteja. Hapa tu mbele."

"Anangoja?"

"Anangoja."

"Basi mpelekee."

Akasimama, akakunja mkono wa sweta, akaingia ndani kutolewa damu.